Habari Iliyofika Nusu

Mwaka 1973, nilipokuwa kijana wa miaka 16 katika kijiji kimoja cha mwambao wa Pangani, nilipewa dhima ambayo ukubwa wake sikuutambua mpaka nilipokuwa mtu mzima: siku ya darasa ilipofika, jioni nilichukua redio ya baba yangu mdogo, ambayo betri zake zilishikwa kwa mpira uliokatwa katika tairi ya baiskeli, nikaipeleka chini ya mwembe uliokuwa mbele ya nyumba ya mwalimu wetu wa kisomo, na hapo watu wazima, wake kwa waume, wakaketi juu ya mikeka kusikiliza mafunzo ya kampeni ya Mtu ni Afya. Sauti ilitoka Dar es Salaam ikanena habari za malaria, kichocho na kuhara. Lakini sauti ilipokoma ndipo kazi ilipoanza, maana mwalimu alizima redio, akafungua kijitabu, akayasoma tena kwa taratibu yale yaliyokwisha kunenwa, kisha akauliza: katika haya lipi liko hapa kwetu, na kesho tufanye nini? Kesho yake majembe yalisikika nyuma ya nyumba, watu wakichimba vyoo. Nchini kote watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya namna ile mwaka ule, nami sijapata kuona tangu hapo chombo cha habari kilichoitikiwa upesi kiasi hicho.

Nimeanza na redio ile kwa sababu siku hizi husikia watu wakinena juu ya simu za mkononi na intaneti kana kwamba kabla yake vijiji vyetu vilikaa gizani, havina habari wala pa kuipatia. Kijiji hakikosi habari. Linalokosekana aghalabu ni habari kufika nzima, kwa wakati wake, mikononi mwa mtu mwenye uwezo wa kuitendea jambo. Ikipungukiwa na moja katika hayo, habari hugeuka mzigo, na pengine hugeuka fitina. Nami naandika haya kwa kuwa fitina moja ilitoka mkononi mwangu mwenyewe, ilhali nia yangu ilikuwa njema na chombo nilichokitumia kilikuwa kizuri.

Nilihitimu chuo cha kilimo, nikapelekwa Newala mwaka 1980, nikawa bwana shamba kwa miaka 37. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, penye udongo wa mchanga unaofyonza mvua yote pasibaki hata kidimbwi, na kwa zama nyingi kina mama waliteremka mabondeni kuteka maji, wakapanda tena mlima na ndoo kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mwambao nilikotoka tuliishi kwa nazi na samaki. Huku niliona watu wakiishi kwa mkorosho, nao mkorosho ulikuwa mgonjwa. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mashamba yao ya zamani, bei ilikuwa dhaifu, magugu yalikuwa yamepanda hadi kwenye matawi, na juu ya hayo yote ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ambao huyafunika maua kwa vumbi jeupe kama unga wa muhogo, yakanyauka kabla ya kushika tunda. Zao lililotoa tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 lilianguka mpaka chini ya tani 17,000 katika msimu wa 1986/87. Mwenye kuyasoma haya katika kitabu huona tarakimu. Sisi tuliokuwapo tuliona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na wazee waliokuwa matajiri wa heshima wakiuza mabati ya nyumba zao.

Dawa ilipatikana. Watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walithibitisha kwamba unga wa salfa, ukipulizwa alfajiri umande ungali juu ya majani, tangu maua yanapoanza kuchomoza na kurudiwa kila baada ya majuma mawili au matatu, huokoa mavuno. Ilimu hiyo ilikuwako Naliendele, ilhali maua yalikuwako Newala, na baina ya mahali hapo pawili palikuwa na mimi, baiskeli moja, na vijiji tisa. Ubwiri haungoji zamu ya bwana shamba. Mara nyingi nilifika katika kijiji cha saba au cha nane nikakuta maua yamekwisha kuwa meusi, na mwenye shamba akanisikiliza kwa adabu mtu aliyekuja kumfundisha namna ya kumtibu marehemu. Mtu aliyepitiwa na majuto ya namna hiyo hawezi kuidharau simu. Niliingojea kabla sijajua jina lake.

Mwanzoni mwa karne hii mtandao wa simu ulipofika kwetu, ulishika mahali mahali tu: juu ya kichuguu fulani, chini ya mti fulani, au penye ukingo wa mlima unaotazama bonde la Ruvuma, na watu walipajua mahali hapo kama wanavyojua kisima. Nilisikia wakati ule habari za mradi mmoja uliofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, ambao katika mikoa kadhaa ya Tanzania, tangu mwaka 2005, ulivisaidia vikundi vya wakulima kuchagua watu wao wa kupeleleza masoko. Watu hao waliitwa mashushushu, wakaenda sokoni wakauliza bei, wakatazama nani ananunua na kwa kipimo gani, kisha wakapiga simu kijijini. Jambo lililonipendeza katika mpango huo ni kwamba simu haikupewa kazi ya mtu. Shushushu alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Akileta uongo, kijiji kilijua pa kumtafuta.

Mimi sikufuata hikima hiyo, na hapo ndipo lilipozaliwa kosa langu.

Tangu mwaka 2007 korosho zetu zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mfumo ambao hata leo nautetea. Mkulima alipeleka korosho katika chama chake cha msingi, zikapimwa na kupangwa madaraja, akapewa stakabadhi. Korosho zikakusanywa katika ghala kuu, na wanunuzi wakaleta barua zao zilizofungwa, zikafunguliwa hadharani, mwenye bei ya juu akapewa. Katika miaka ile ya mwanzo mkulima alipata kwanza sehemu ya bei dira, ndiyo malipo ya kwanza, kutoka katika mkopo ambao chama kiliuchukua benki. Mnada ukiisha na mnunuzi akilipa, deni la benki lilikatwa, ushuru wa halmashauri ukakatwa, ushuru wa chama cha msingi na wa chama kikuu, gharama za ghala, magunia na usafiri vikakatwa, na kilichosalia kikaja kuwa malipo ya pili. Ikibaki ziada mwisho wa msimu, iliitwa majaliwa.

Katika msimu wa 2010 mradi mmoja uliletwa wilayani kutuma bei ya mnada katika simu za wakulima, nami nikaombwa nitunge ujumbe. Nafasi ilikuwa herufi 160. Nikaandika kwa ufupi ambao niliuona kuwa ufasaha: jina la ghala, tarehe, bei ya kilo moja. Jioni ya mnada wa kwanza ujumbe ule uliruka ukaingia katika simu mia kadhaa kwa dakika chache, na mimi niliyezoea kuendesha baiskeli siku mbili kufikisha neno moja nilikaa barazani nikiwa na furaha ambayo haikunipa usingizi.

Siku ya tatu nilipigiwa simu kabla ya alfajiri. Nilipofika kijijini kwa pikipiki, nilimkuta katibu wa chama cha msingi, mtu mzima mwenye wajukuu, ameketi ndani ya ghala tupu na daftari la mapokezi magotini pake, na mlango umezungukwa na watu waliokesha hapo. Kioo cha dirisha la nyumba yake kilikuwa kimevunjwa. Mkulima mmoja niliyemjua vizuri, ambaye miaka mingi tulikula pamoja shambani kwake, alinijia na simu yake mkononi.

“Shikamoo, bwana shamba. Maneno haya si yako?”

“Marahaba. Ni yangu.”

“Basi tumelipwa kiasi kile, na wewe umeandika kiasi hiki. Zilizobaki ziko wapi?”

Sikuwa na jawabu la haraka, kwa sababu kila neno katika ujumbe wangu lilikuwa kweli. Bei ile ndiyo iliyotangazwa. Lakini wale watu walikuwa wamepokea malipo ya kwanza tu, nami sikuwaambia kwamba bei ya mnada si fedha ya mfukoni, wala kwamba kati ya moja na nyingine yamo makato, wala siku ambayo salio lingefika. Nilikuwa nimewapelekea nusu ya habari kwa kasi ya umeme, nikamwachia mzee mwenye daftari nusu ya pili aifikishe kwa miguu. Nusu yangu ilitangulia, na alipofika na yake alikwisha kuhukumiwa kuwa mwizi.

Niliomba chaki. Mlango wa ghala ulikuwa wa mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu yake nikaandika bei ya mnada, nikaanza kushuka: hii ya benki, hii ya halmashauri, hii ya gunia, hii ya gari. Kila mstari ulibishaniwa. Wengine walikuwa hawajapata kuelezwa kwamba ushuru fulani upo. Wengine waliujua lakini waliusahau. Na makato mawili hata mimi sikuweza kuyaeleza, ikabidi tumpigie simu ofisa wa chama kikuu mbele ya watu wote, sauti ikiwa wazi. Tuliendelea mpaka adhuhuri. Wakati huo nilimwona yule mwalimu wa kisomo wa Pangani akizima redio na kufungua kijitabu, nikafahamu kuwa kazi yangu ilikuwa imekoma pale ambapo yake ilianzia.

Tangu siku ile sikukubali ujumbe utumwe peke yake. Wa kwanza ulitaja bei ya mnada. Wa pili ulitaja jumla ya makato, kiasi kitakachomfikia mkulima, na siku ya kulipwa. Na kabla ya kutumwa, makatibu walipewa habari hizo kwa maandishi ili wazibandike ukutani. Wenye mradi waliona gharama imezidi maradufu. Niliwajibu kwamba kioo cha dirisha nacho kina bei. Mwezi Aprili 2013, kule Liwale, malipo ya pili yalipofika yakiwa pungufu kuliko yalivyotarajiwa, hasira iliwaka na nyumba zikachomwa moto. Na wale wanaodhani kwamba tarakimu isiyo na maelezo ni jambo dogo kijijini wangepaswa kuyatazama majivu yale.

Hata habari iliyofika nzima ina mpaka wake, na mpaka huo niliuona kwa mkulima mwingine, mtu mpole aliyekuwa na mikorosho mizuri kando ya njia iendayo Kitangari. Nilimpitia siku moja mwezi Novemba kumpa pongezi, maana bei ilikuwa imepanda. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akasikiliza yote, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Bei nzuri sana, bwana shamba. Lakini korosho zangu ziliondoka hata kabla ya maua.” Mnamo mwezi Machi, mahindi yalipokwisha ghalani na mtoto wake akalazwa hospitali, alichukua fedha za kangomba, na mwenye kangomba hanunui kwa mizani, hununua kwa bakuli, usiku, kwa bei aliyoipanga yeye wakati wa njaa. Mtu huyo alikuwa na simu. Ujumbe wangu ulimfikia kama ulivyowafikia wengine, ukamwonyesha kwa tarakimu sahihi kabisa kiasi cha mali aliyokwisha kuipoteza. Nadhani hakuna ujumbe niliowahi kuutuma ambao ulimtia mtu uchungu kuliko ule.

Kwa hiyo naomba nieleweke: bei ni silaha ya mtu awezaye kungoja. Kwa asiyeweza kungoja, msaada lazima uanze kwenye kungoja kwenyewe. Ikitokea kwamba simu ilimsaidia mtu yule baadaye, haikumsaidia kwa bei. Ilimsaidia kwa njia ya fedha za simu, ambazo zilianza nchini kwetu mwaka 2008, kwa kuwa binti yake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam aliweza kumtumia fedha kidogo mwezi Machi, siku ile ile ya haja, badala ya kungoja mtu anayesafiri kwa basi. Na kikundi cha kuweka na kukopa cha mke wake, yaani VICOBA, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa wanawake watatu, kilimkopesha bila kuuliza habari za maua. Msimu uliofuata alipeleka korosho zake ghalani mwenyewe, juu ya baiskeli, gunia baada ya gunia.

Sasa niseme habari ya jambo lililonipa furaha, kwani sipendi msomaji adhani kuwa miaka yangu na chombo hiki ilikuwa ya huzuni tu. Karibu na kustaafu kwangu, mama mmoja mzee wa kijiji cha bondeni alinipigia simu, akaniambia kwamba maua yake yanakauka, kwamba ni ubwiri, na kwamba kesho anakwenda kuchukua fedha kwa mtu, na hakuhitaji kunitajia ni mtu gani, ili anunue mifuko minne ya salfa. Nilimwomba angoje, mjukuu wake anipigie picha. Picha ya kwanza ilionyesha mkono wa mjukuu na anga. Ya pili ilionyesha maua makavu ya rangi ya kahawia, na maua makavu yaweza kuwa ya ubwiri, yaweza kuwa ya jambo jingine. Nikamwambia yule kijana: achana na maua, tafuta chipukizi changa, kikaribie, unionyeshe kijiti chake kabla jua halijakausha umande.

Picha iliyokuja asubuhi ilikuwa safi. Hapakuwa na unga mweupe popote. Juu ya kijiti kichanga palikuwa na madoa meusi marefu, yamedidimia kama kovu, na moja lilikuwa bado linatoa utomvu. Ule haukuwa ubwiri. Alikuwa ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, ambaye unga wa salfa haumdhuru kitu. Nikampigia.

“Mama, hao maji moto wapo shambani kwako?”

“Wale siafu wekundu wa juu ya miti? Tuliwachoma mwaka jana, mwanangu. Waliwauma sana watoto wakati wa kuokota.”

Maji moto hujenga viota vyao kwa kushona majani, nao ni wakali. Lakini mkorosho wenye maji moto mbu haupati kwa urahisi. Nilimshauri atie dawa ya wadudu katika miti iliyoumia zaidi tu, na katika miti mingine arudishe viota kutoka kwa jirani, avihamishe usiku, aunge mti na mti kwa kamba ili wapite. Fedha ya salfa haikukopwa. Picha ile, ambayo gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kibiriti, ilimwepusha na deni ambalo lingekula mavuno ya mwaka, na mimi niliipata nikiwa nimekaa kilomita nyingi mbali, mguu wangu ukiwa umevimba. Lakini nilijua cha kuuliza kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya miti ile kwa zaidi ya miaka 30, na yule mama alikubali kungoja kwa sababu alinijua. Programu za kutambua magonjwa kwa picha zinatengenezwa siku hizi na vijana wetu, nami nawaombea heri. Nawasihi tu waziweke mikononi mwa mabwana shamba na mabibi shamba, wala wasizitumie kuwa udhuru wa kutowaajiri.

Liko jambo moja linalonitia tashwishi hata sasa. Tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa na kupewa namba, uandikishaji wa wakulima katika daftari la kielektroniki umeenea, na katika daftari hilo shamba moja hupata mwenyewe mmoja na simu moja. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba mengi niliyoyajua yalitoka kwa bibi na mama. Walakini mwandikishaji akibisha hodi na kuuliza mwenye shamba ni nani, aghalabu hujibu mwanamume, na namba inayoandikwa ni ya simu iliyo mfukoni mwake. Karatasi ya zamani ilikuwa na pambizo, mtu mwenye busara akaandika jina la pili kwa kalamu. Natamani waandikishaji wetu waulize swali la pili kabla ya kufunga daftari: nani huokota, nani huamua, na simu ya mama ni ipi?

Mwezi Oktoba 2024 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wakishindana katika mtandao, na bei katika mnada wa kwanza wa kwetu ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mimi nilikuwa huko, mzee mstaafu mwenye shamba dogo, na nilipoona tarakimu zikipanda mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingojea zamani barua zilizofungwa, nilishukuru kwamba Mungu aliniweka hai nikaona.

Siku mbili baadaye nilipita katika chama changu cha msingi. Katibu wa sasa ni kijana, mwana wa mwana wa yule mzee wa daftari, naye alikuwa akisoma bei katika simu yake kwa sauti, watu wamemzunguka, wenye simu na wasio nazo. Pembeni pa mlango pametundikwa ubao mweusi. Akaniona, akanipa kiti, kisha akanipa chaki kwa mikono miwili. Niliandika bei ya mnada juu kabisa, na kabla sijageuka, bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia, ameshika stakabadhi yake iliyokunjwa mara nne, akasema: “Na makato, bwana shamba. Yaandike yote, moja moja.” Nikashusha mkono chini ya ile bei, nikaanza na ushuru wa halmashauri.